Chungu cha Wakwe

Mimi hakuna kitu kinachoweza kunishangaza tena. Nimeuziwa gunia la mahindi lenye mawe katikati. Nimempa afisa chai asubuhi, jioni akanikamata huku akinisalimia kwa jina. Shule niliiachia darasa la sita, na leo watu wenye digrii wananingoja kwenye benchi nje ya ofisi yangu hapa Kitale, kofia mkononi. Mashine tatu za kusaga, malori mawili, nyumba ya ghorofa yenye wapangaji kumi na wawili, na sikurithi hata mpini wa jembe. Kwa hivyo nilipokwenda Kanduyi kwenye matanga ya Senge Felista, dada ya baba yangu, nilikwenda kama mtu anayejua kila neno litakalosemwa. Hema ni mimi nililipa. Jeneza ni mimi. Ng'ombe aliyechinjwa alifika na lori langu. Mwendesha shughuli akashika kipaza sauti akasema, "Kuna waliozaliwa na huyu mama, na kuna aliyemlisha. Simama, Kundu, watu wakuone." Nikasimama, watu wakapiga makofi. Upande wa wanawake, kiti cha nyuma kabisa, mama mmoja mwenye kitambaa cheusi hakupiga. Alikuwa ananiangalia tu. Ilinichukua muda kumjua, maana mara ya mwisho nilipomwona alikuwa msichana wa miaka ishirini na mitatu mwenye mtoto mgongoni. Alikuwa Nanjala, mtoto pekee wa marehemu. Nikakaa chini kabla makofi hayajaisha.

Mwaka ninaotaka kuuandika hapa nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimetoka Bungoma na mashati mawili, moja mwilini, nikaja Kitale kubeba magunia kwenye maghala ya mahindi. Nililala kwa Senge. Nyumba yake ilikuwa chumba kimoja cha udongo kilichokatwa katikati kwa leso mbili zilizoshonwa pamoja. Upande wake kulikuwa na kitanda na sanduku la bati. Upande wangu kulikuwa na mkeka wangu na vyungu. Nililala na pombe kama mtu anavyolala na ndugu zake. Senge alikuwa mpikaji wa busaa, na si wa kubahatisha. Aliloweka unga wa mahindi mpaka uchache, akaukaanga kwenye bati juu ya moto wa kuni hadi ukawa chenga nyekundu kama udongo wa barabara, akauanika, kisha akauchanganya na maji na kimea, huo unga wa wimbi ulioota. Siku tatu baadaye chungu kilianza kunong'ona. Mpaka leo nikisikia mvua nyepesi juu ya mabati nakumbuka mnong'ono huo, viputo vikipasuka kimoja kimoja gizani, na yeye ng'ambo ya leso akiuliza, "Kundu, kimesema?" Nami namjibu, "Kimesema, Senge."

Watu huniuliza busaa hukaa muda gani, hasa vijana wa siku hizi wanaoiuza kwenye chupa za plastiki na kudanganyana. Mimi najua kuliko wote. Ikiwa imefungwa kwa majani ya ndizi na kamba, hewa haiingii, itakungoja siku mbili tatu baada ya kuiva bila kukuaibisha. Ukishaifungua, mambo mengine. Senge alikuwa na msemo wake: "Chungu kikifunguliwa kina jua moja." Wateja waliokaa kwenye magogo nje ya mlango, kila mtu na kopo lake, walipenda kumchokoza ili aendelee. "Na jua la pili, Mama?" "La pili ni la walevi." "Na la tatu?" "La tatu ni la nguruwe." "Sasa la nne litakuwa la nani, bana?" "La nne ni la askari wa chifu. Hao hunywa chochote." Walicheka mpaka povu likawatoka puani. Na kweli hakuwahi kuuza pombe ya jua la pili. Iliyobaki aliimwaga, hata wiki ambayo tulikula ugali kwa mrenda siku saba mfululizo bila kipande cha nyama.

Alikuwa na jeraha moja, na lilikuwa Nanjala. Miaka minne kabla ya mimi kufika, binti huyu alikuwa ametoroka na kijana aitwaye Simiyu wa Kachibora, bila ng'ombe, bila salamu. Siku ile Senge, kwa hasira, alisimama mlangoni akatamka mbele ya majirani kwamba mlango huo Nanjala asiuone tena. Maneno hayo aliyatafuna miaka minne. Nilikuwa namsikia akiomba ng'ambo ya leso, sauti ya chini, akidhani nimelala. Hakuomba pesa wala afya. Alisema, "Baba, mtoe huyo mtoto neno langu masikioni." Ni hilo tu, kila siku.

Halafu mwezi wa nane, mahindi yakiwa yameanza kukauka, mjumbe akaja kutoka Kachibora. Mzee Makokha, babake Simiyu, alisema watakuja Jumamosi na ng'ombe, waongee kama watu. Senge aliniamsha kwa kunipiga na mto. Alipaka kuta udongo mweupe, akanunua vikombe sita vya maua, akaazima viti kanisani. Siku ya Jumanne akachanganya chungu kikubwa kuliko vyote, kile cha shingo pana ambacho sikuwahi kumwona akikitumia. Nikataka kuonja kimea, akanizaba kofi mkononi.

"Hicho ni chungu cha wakwe," akasema. "Hakionjwi."

"Hata wewe?"

"Hata mimi. Mkwe ndiye anafungua kwa mkono wake. Akikuta kamba yangu imekaza, anajua tulimngoja. Akikuta kimeguswa, anajua tumekunywa na wengine, yeye tumemwitia masalio. Umeelewa, baba?"

Aliniita baba kwa sababu nilikuwa nimepewa jina la babake. Nikasema nimeelewa. Jumatano akaondoka kwenda Kanduyi kuwaleta wazee wawili wa ukoo, maana mwanamke hapokei ng'ombe peke yake. Akiwa mlangoni na kikapu chake, aligeuka. "Nyumba ni yako, chakula ni chako. Hicho chungu si chako."

Alhamisi mvua ilinyesha tangu adhuhuri. Malori hayakupakiwa. Wapakiaji wenzangu tisa, wakiongozwa na jitu moja liitwalo Opicho, wakaja kwa Senge kama kawaida yao, wakakuta hakuna pombe ya kuuza. Wakajibanza chini ya ukingo wa paa wakitoa mvuke kama ng'ombe. Opicho akachungulia ndani.

"Na hicho ni nini kimefungwa kama maiti?"

"Si cha kuuza."

"Ati si cha kuuza! Wenzangu, njooni muone. Kundu analala na bibi arusi na hamgusi."

"Labda hajui kamba hufunguliwa vipi," mwingine akasema.

"Mwacheni, ni mtoto wa senge. Ataomba ruhusa hata ya kukojoa."

Wakacheka. Ningeweza kuandika hapa kwamba walinishinda kwa kicheko, na msomaji angenihurumia. Si kweli. Nilikuwa na wazo langu mwenyewe, na nililiona kuwa la akili sana. Nilikuwa nimemwona Senge akiongeza maji moto kwenye vyungu vya walevi mara mia. Nikajiambia: nitachota nusu, nitajaza maji ya vuguvugu na kimea ngumi mbili, mpaka Jumamosi itakuwa imejirudi, na mimi nitakuwa na mtaji. Hata kufunga kamba nilijua. Nilijiona fundi. Busaa ile ilikuwa changa bado, tamu, na wale watu waliinywa wakanyamaza, na kama unawajua wapakiaji utajua kunyamaza kwao ni sifa kubwa kiasi gani. Jumatatu iliyofuata pesa hizo zilininunulia gunia langu la kwanza la mahindi. Ndilo lile gunia ninalolitaja kila mara watu wakiniomba nisimame niwaambie vijana nilianzaje.

Ijumaa asubuhi chungu kilinong'ona kwa nguvu, nikafurahi. Mchana kikanyamaza. Kufikia jioni, nikiinama karibu, kulikuwa na kitu kikali kinachopenya kwenye majani, kama siki, kama shuka la mgonjwa. Nikahamisha mkeka wangu mbali nacho. Senge akafika na wazee wake, amechoka, pua imezibwa na mafua ya mvua, viatu mkononi. Kabla ya kukaa alikwenda kwenye chungu akaweka viganja juu ya majani, vile mtu anavyogusa paji la mtoto.

"Kamba hii ni ya mkono wangu?"

"Ililegea, Senge. Nikaikaza."

"Ahsante, baba."

Hakuweza kuonja. Hapo ndipo ninaporudi mara nyingi kuliko mahali pengine popote. Mwanamke ambaye ulimi wake ulijua busaa ya mtaa mzima, ambaye angehitaji tone moja tu ili ajue, na bado angekuwa na usiku mzima wa kutafuta kwa jirani chungu kingine, alikaa kando ya kile kilichooza akamwamini aliyekiozesha, kwa sababu ya heshima. Alikaa akichambua kunde, akiimba.

Jumamosi walikuja watu saba na ng'ombe mwekundu. Nanjala alikuja nyuma yao, mtoto wa kiume mgongoni. "Mulembe, mama," akasalimia, macho chini. "Mulembe, mwanangu." Hawakushikana, kushikana kulikuwa kunangoja chungu. Lakini mtoto hakujua mila. Aliposhushwa chini alitambaa moja kwa moja hadi kwa Senge, akapanda mapajani, akalala. Senge hakusogea tena. Alikula kwa mkono mmoja. Chumba kilijaa harufu ya kuku na ugali wa wimbi, mzee Makokha akapewa firigisi, wazee wakataniana kuhusu ng'ombe kwamba amekonda njiani kwa kumwogopa mkwe. Mimi nilikuwa nimesimama na beseni la kunawa. Niliomba mvua, niliomba moto, niliomba mtu aanguke afe.

Mzee Makokha akafungua kamba. Akachovya mrija wake, akavuta. Watu wakamngoja atikise kichwa kwa kuridhika. Akavuta tena kidogo, kama mtu asiyetaka kuamini. Kisha akautoa mrija, akaufuta ncha kwa kiganja, akaulaza juu ya mdomo wa chungu.

"Mama Nanjala," akasema polepole, "hii pombe imeshaona watu."

"Watu gani, mzee wangu?"

"Wewe ndiye unawajua wageni wako wa kwanza."

Senge akachukua mrija mbele ya wakwe, jambo lisilofanywa, akavuta. Niliona uso wake. Hakuniangalia. Aliangalia mikono yake, akaigeuza, upande huu na upande ule. Nanjala alikuwa amesimama tayari.

"Ungesema tu, mama," akasema. "Ulisema mlango huu nisiuone, nikasikia. Haikuwa lazima watu watembeze ng'ombe kutoka Kachibora ndio urudie."

"Nanjala, si hivyo. Mwanangu, sijui nini—"

"Nipe mtoto wangu."

Akamtoa mapajani mwa Senge akiwa bado amelala. Wakaenda na ng'ombe wao. Nilikuwa na mdomo. Nilikuwa na hatua kama kumi kati ya mlango na barabara za kuwakimbilia. Nilimwaga maji ya beseni, nikalisugua beseni, nikalisugua tena.

Jioni hiyo Senge alimwita jirani mwenye nguruwe aje achukue kile chungu chote. "Mkono wangu umekufa," akaniambia. "Nimekosea kimea, na sijui nilikosea wapi." Alirudia kuhesabu siku kwa vidole: Jumanne, Jumatano, Alhamisi. Nami nikamwambia, Mungu anajua, nikamwambia, "Labda ni hali ya hewa, Senge." Hakupika tena. Wateja walimsihi, akasema mtu asiyejua alipokosea hana haki ya kuendelea. Vyungu akaviuza kimoja kimoja, akaanza kuuza sukuma wiki kwenye gunia lililotandikwa chini, na miaka michache baadaye akarudi Kanduyi. Mimi nikapanda. Kila nilipopanda ngazi moja nilimpelekea kitu: blanketi, tangi la maji, mwisho ile nyumba ya matofali. Alinishika mkono siku ya kuhamia akauliza, "Baba, mazuri yote haya ni ya nini?" Nikacheka, nikasema mtu mkubwa hulipa fadhila. Alikufa akinisifu kwa kila aliyekuja kumtazama.

Basi baada ya mazishi nilimfuata Nanjala nyuma ya jikoni, ambako wanawake walikuwa wanaosha sufuria. Alikuwa amekaa kwenye debe lililogeuzwa, akisugua moja kwa jivu.

"Pole kwa mama," nikasema.

"Pole wewe. Si umesikia wamesema ni mama yako?"

"Nanjala, ile pombe ni mimi."

"Pombe gani?"

"Ya wakwe. Niliifungua Alhamisi, nikawauzia watu wa lori. Nikajaza maji. Mama hakujua kitu."

Hakuacha kusugua. "Hakujua mpaka lini?"

"Mpaka juzi, alipokufa."

Hapo ndipo mkono wake ulisimama. Halafu akasema, na hili sikuwa nimelijua, katika kujua kwangu kote sikuwa nimelijua, "Alikuja Kachibora mara tatu. Mara ya kwanza nilimtuma mtoto amwambie sipo. Ya pili nilimwona kwa dirisha. Alikaa kwenye nyasi nje ya ua na kikapu chake mpaka saa nane mchana, akaenda. Ya tatu akaacha kuku kwa jirani. Nikamrudisha yule kuku kwa mtu wa pikipiki, amefungwa vilevile." Akainua macho. "Nilidhani anakuja kuona kama bado naumia."

Niliketi chini kwenye matope na suti yangu. Nilikuwa nimepiga hesabu ya kosa langu miaka yote hiyo: chungu kimoja, siku moja, mwanamke mmoja. Kumbe lilikuwa likitembea na miguu yake, linapanda gari, linakaa kwenye nyasi.

"Unataka nikusamehe?" akaniuliza.

"Sijui."

"Hata mimi sijui. Lakini mzee Makokha alikufa akijua mama yangu alimdharau. Watoto wangu wamekua wakijua hivyo. Utapika. Wewe, si mfanyakazi wako. Utaleta, na utasema mbele yao kwa mdomo huo huo."

Nikapika. Nyuma ya jumba langu la ghorofa, juu ya bati, nikakaanga unga mpaka vinyweleo vya mkono vikaungua, wapangaji wakinichungulia kutoka barazani wakiulizana kama tajiri amefilisika. Nilifunga majani mwenyewe. Sikuonja. Niliendesha gari hadi Kachibora mwendo wa jongoo, chungu kimefungwa mkanda kwenye kiti cha mbele. Simiyu, mvi tupu sasa, alitoka na ndugu zake wawili, nikasimama kwenye ua wao nikasema yote, tangu Alhamisi ile na Opicho na maji ya vuguvugu. Nilipomaliza, Simiyu akaifungua kamba, akavuta, akampa ndugu yake mrija. Nanjala akavuta mara moja. "Imeiva," akasema. "Yeye angepunguza kimea." Kisha mtoto wao wa kwanza, mwanamume mzima mwenye ndevu, yule aliyelala mapajani mwa nyanya yake, akamwuliza mama yake mbele yetu sote, "Kwa hivyo kukhu hakutuchukia?"

Nanjala alifunika uso kwa kitambaa, mabega yakitikisika, na wanaume wote tukaangalia mahindi.

Alinisindikiza mpaka kwenye gari. "Umetumia pesa ngapi?" akauliza. Nikasema si kitu. Akasema hapana, mimi ni mtu wa hesabu, anataka kujua kilichokuwa kigumu hivyo miaka yote hiyo. Nikahesabu pale pale nimeshika mlango: mahindi, wimbi, kuni, chungu, mirija, mafuta ya kwenda na kurudi. Shilingi elfu nane na hamsini.